Godoro Lilivuka Kwanza

Juba, 14 Septemba 2009

Agum wee,

Usishtuke kuletewa barua na utingo wa basi. Nimekupigia simu mpaka nimechoka. Ninyi walimu wa Bonde la Kerio lazima mpande mlima ndipo simu ishike, na huku Juba laini ikishika asubuhi, jioni imekufa. Basi turudi kwa barua, kama enzi zile za bweni. Hii itaachwa dukani kwa shangazi yangu Eldoret, naye atampa mtu wa kushuka bondeni.

Niko Juba tangu Januari. Nafanya kazi katika maktaba ya chuo kikuu kidogo cha kanisa, hapa karibu na mtaa wa Buluk. Usicheke, lakini maktaba yenyewe ni kontena mbili na turubai katikati, jenereta moja, na vitabu vya msaada ambavyo nusu yake vinafundisha kompyuta ambazo hazipo tena duniani. Mkuu wangu ni Dkt. Arkangelo, mzee mpole aliyerudi kutoka Khartoum. Ana ndoto moja tu, kwamba maktaba yetu ichape vitabu yenyewe. Si vya karatasi, karatasi tutaitoa wapi? Tunakipanga kitabu kwenye kompyuta, tunakiweka kwenye mtandao, na mtu yeyote popote alipo anakisoma bure. Akitaka kunakili, anakili. Akitaka kumchapia jirani, amchapie. Haombi ruhusa kwa mtu. Sharti ni moja, ataje jina la mwandishi na la maktaba. Mzee anasema watu wa kusini wameandikwa na kila mtu, na vitabu hivyo vimefungiwa kwenye vyuo vya Ulaya ambako wenyewe hawawezi kuingia.

Nilipomsikia nikakukumbuka wewe na ule mswada wako wa nyimbo za kina mama wa kambi ya Kakuma, Kidinka kushoto, Kiswahili kulia. Bado unao? Najua wachapishaji wa Nairobi walikwambia hauna soko. Sisi hatuuzi, kwa hiyo soko la nini? Niletee, kiwe kitabu chetu cha kwanza.

Nimemtembelea mama yako pia. Ana tukul yake, nyumba ya udongo yenye paa la nyasi, nyuma ya nyumba kubwa ya baba yako mdogo, Mheshimiwa Makur. Tuliongea kile Kiswahili chake cha kambini, akanipa chai yenye sukari nyingi. Amekonda kidogo lakini ni mzima.

Jibu upesi, usiniletee zile zako za kufikiria mwezi mzima.

Wako,
Chepkoech


Arror, 4 Oktoba 2009

Chep,

Barua imefika ikinuka samaki, lakini imefika.

Umenishika pabaya. Zile nyimbo nimezibeba tangu nilipokuwa Kidato cha Tatu, nikizunguka kambini na redio ya kanda ya kuazima, nikiwabembeleza kina mama waimbe. Unamkumbuka yule mtafiti mzungu niliyekusimulia, aliyenitangulia kambini? Alirekodi, akaenda zake, akaandika kitabu. Mama yangu yumo humo na hajawahi kuliona hata jalada lake. Kwa hiyo hilo neno lako la bure, wazi kwa kila mtu, limeniingia mwilini. Nataka watu wetu wasome wenyewe.

Lakini kuna wimbo mmoja unaoninyima usingizi. Kwetu wimbo ni mali ya mtu, kama ng'ombe wake. Ukinikosea, nakuimba kwa jina lako, na wewe unatakiwa uje usimame mbele ya watu unijibu, kwa wimbo wako au kwa fidia. Usipojibu, wimbo unabaki juu yako mpaka uzeeni. Mama ana wimbo juu ya Makur. Mwaka wa tisini na mbili jeshi la Khartoum lilipouteka mji wetu wa Yirol, tulikimbilia mtoni. Baba alikuwa ameshakufa. Makur, mdogo wake, alikuwa ofisa wa waasi mwenye mtumbwi na askari. Akavusha vitu vyake kwanza, redio na godoro, akatuambia tungoje zamu. Malith, mdogo wangu, alikuwa na homa. Alifia ukingoni tukingoja mtumbwi urudi. Mimi nilikuwa na miaka minane, nilikuwepo.

Sehemu yake inasema hivi:

*Makur, ndugu ya mume wangu,*
*godoro lako lilivuka kabla ya Malith.*
*Redio yako ilivuka ikiongea.*
*Mimi nilibaki na mtoto asiyeongea.*
*Siku tutakapoonana, nijibu.*

Kambini aliuimba kila mara, na kina mama walilia naye. Makur hakuwa kambini. Baada ya amani akamwita mama arudi, akae kwake Juba, kwa sababu kwa desturi mjane wa kaka yake yuko mkononi mwake, akarudi. Tangu aingie kwenye ua ule, hauimbi. Nilipomwuliza kwa nini, alisema tu, "Mimi nangoja." Anaogopa, maskini. Nani asiyemwogopa mtu anayemlisha? Juzi nilipanda mlima nikampigia kupitia simu ya jirani yake, nikamwuliza kama niutoe kitabuni. Alinijibu kwa ukali niuache palepale. Hajui mtandao ni nini, anadhani kitabu ni kitu cha kuweka kabatini.

Nimefikiria. Mheshimiwa hasomi vitabu, sembuse vya nyimbo za wanawake. Chukua wote, na huo ukiwemo. Usinipoteze, Chep.

Agum


Juba, 27 Novemba 2009

Mwandishi,

Zoea hilo jina, maana kuanzia Jumanne ndilo lako. Kitabu kimetoka. Tulikifungua rasmi chini ya turubai, kwa maombi, soda na mandazi ya Waganda wa soko la Custom. Jenereta ilizimika katikati ya hotuba ya mzee Arkangelo akaendelea kuhutubia gizani kama hakuna kilichotokea. Ilipowaka, Alier, yule anayepanga vitabu nami, akabonyeza kitufe, na hicho, kitabu chako kikaenda dunia nzima.

Agum, watu wanasoma! Tumepata ujumbe kutoka kwa msichana wa Yirol aliye Australia, kasema alisoma nyimbo kwa sauti huku bibi yake akizifuata kwa kichwa. Mwingine aliye Marekani ameomba achape nakala za kanisa lao. Nikamjibu kwa raha, ndugu, huna haja ya kuomba.

Mama yako nilimleta mwenyewe. Alikaa mbele, amevaa ile nguo ya kijani. Alier akamfungulia wimbo wake kwenye kompyuta akamsomea, na yeye akawa anamrekebisha matamshi, watu wakacheka. Kisha akanivuta mkono pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Makur atasikia?" Nikaona hofu ile uliyoniambia. Nikamtuliza, mama, usijali kabisa, Mheshimiwa hawezi kujua, hivi vitu ni vya watu wa kompyuta. Akaniangalia, akauachia mkono wangu.

Furahi basi, hata kidogo. Najua wewe na furaha hamjuani sana.

Chepkoech


Arror, 15 Desemba 2009

Chep,

Nimefurahi, shenzi wewe. Mwalimu mkuu alikichapa kwa printa ya shule, akaniita mbele ya gwaride, wasichana wakapiga makofi. Nililia chooni.

Ahsante kwa kumtuliza mama. Endelea hivyohivyo, usimwache akae na hiyo hofu peke yake. Mwambie kitabu kiko mbali na Makur kama mimi nilivyo mbali.

Krismasi njema. Kula mbuzi kwa niaba yangu.

Agum


Juba, 6 Machi 2010

Agum,

Kaa chini kwanza.

Unajua Aprili ni uchaguzi, na Makur anagombea ubunge kwa upande wa Yirol. Jumatatu nilikwenda Custom kununua nyanya nikakuta karatasi zimebandikwa kuanzia wanakopaki mabasi madogo mpaka kwenye vibanda vya Waganda. Ni wimbo wa mama yako. Ukurasa wetu vilevile tulivyoupanga, herufi zilezile nilizochagua mimi. Wapinzani wake wameutoa kwenye mtandao, wamechapa, wamepakia na malori kwenda Yirol. Gari lake likipita, vijana wa bodaboda wanapiga kelele "Martaba! Martaba!" Ndilo jina la godoro kwa Kiarabu cha hapa. Hata wasiojua hadithi yenyewe wanapiga kelele.

Utaniuliza kama walitimiza sharti. Wametimiza. Chini kabisa wameandika jina lako na la maktaba, bila kosa hata moja.

Jana Makur alikuja maktabani na walinzi wawili. Nilidhani atavunja kontena. Hakuvunja, alikaa kwenye kiti cha plastiki na kuongea kwa upole, na huo upole ndio ulionitia baridi. Alitaka kitabu kifutwe. Mzee Arkangelo akamweleza kwamba kufuta kwetu hakusaidii, kilichotolewa bure kimeshakuwa cha watu, kiko Australia, kiko kwenye simu za watu, hatuwezi kumfuata kila mtu nyumbani kwake. Makur akafikiri. Akasema, basi mwandishi mwenyewe aandike kwa mkono wake, kwa wino na sahihi, kwamba wimbo ule aliubuni. Stori ya msichana wa shule, watu watacheka, itaisha. La sivyo mama yako ataitwa mbele ya wazee wa ukoo, Jumamosi tarehe ishirini na saba, ajibu kwa nini ameiaibisha nyumba inayomlisha. Wakithibitisha ni wake, anatoka kwenye ule ua na nguo alizovaa.

Nilikimbia kwa mama yako kupitia mlango wa nyuma. Ameshaambiwa habari ya wazee. Aliniuliza tena na tena kama kweli Makur mwenyewe atakuwepo, atakaa mbele yake, au atatuma mtu. Nikamwambia asiogope, Agum atafanya kitu. Akasema, "Agum afanye nini?" Macho yalikuwa yanameta, nadhani alikuwa ametoka kulia.

Simu haishiki na barua pepe haina wino, kwa hiyo tuma kwa basi, haraka. Nisamehe.

Chepkoech


Arror, 15 Machi 2010

Chepkoech,

Sina nguvu ya kukutukana vizuri, kwa hiyo soma haya kama matusi. Wewe na mzee wako na bure yenu. Mlinipa dunia nzima inisome na hamkunipa mlango mmoja wa kufunga. Nilikwambia usinipoteze. Sasa kila mhuni mwenye printa ana ruhusa juu ya mama yangu, na amepewa na sisi, kwa maandishi.

Haya. Nimeandika anachotaka. Nimekaa na karatasi hii usiku na asubuhi, na nimejua kwamba nikiandika nusunusu hatakubali, atasema mama bado ana lake. Kwa hiyo nimeimaliza kabisa. Nimeandika hata kuhusu Malith. Nilimbeba mgongoni njia yote kutoka Yirol mpaka mtoni, Chep, najua uzito wake mpaka leo, na nimeandika nilichoandika. Acha wanaosoma waniite mwongo. Acha kitabu chote kife, kila atakayekifungua ajue hata nyimbo za kina mama wengine si za kuaminika. Mimi nina kazi, nina paa. Mama ana ile tukul tu.

Mpe Makur mkononi kabla ya Jumamosi. Weka pia mwanzoni mwa kitabu kwenye mtandao, mbele ya kila kitu. Na mama usimwambie chochote. Akijua nimejichafua kwa ajili yake atakataa, namjua.

Agum


TAMKO LA MWANDISHI

Mimi, Agum Mabor, natamka kwa hiari yangu kwamba wimbo unaohusu mto na godoro katika kitabu changu niliutunga mwenyewe nikiwa shuleni Kenya. Mama yangu, Awut, hakuutunga wala hajawahi kuuimba. Hauhusu tukio lolote la kweli. Mtoto anayetajwa kwa jina la Malith hakuwahi kuzaliwa katika familia yetu. Naomba radhi kwa Mheshimiwa Makur na kwa ukoo wote.

Agum Mabor
Arror, 15 Machi 2010


Juba, 30 Machi 2010

Agum,

Nimeanza barua hii nikaichana, nikaanza tena. Nitakuambia kama ilivyokuwa.

Tamko lilifika Jumatano. Mzee Arkangelo alilisoma, akavua miwani, akasema hataki kuliweka. Nilimlazimisha. Nilimwambia mwandishi ndiye mwenye kitabu. Alhamisi likawa mwanzoni mwa kitabu, na karatasi yako ya wino nilimpelekea Makur mwenyewe. Alinishukuru. Nilirudi nyumbani nikalala vizuri, nikiwaza kwamba kikao hakitafanyika tena.

Kikafanyika. Niliitwa kama shahidi wa maktaba. Wazee walikaa chini ya turubai uani kwa Makur, mkubwa wao akiwa mzee Lino, na watu walijaa mpaka kwenye uzio. Alier alikaa nami akinitafsiria kwa sauti ya chini. Mzee Lino alimwambia mama yako kwamba kuna maneno barabarani juu ya nyumba hii, akamwuliza kama anajua yametoka wapi. Nilimngojea aseme hajui, aondoke salama.

Alisimama. Alikuwa na ile nguo ya kijani, na kijiti mkononi. Alitembea mpaka mbele ya kiti cha Makur, karibu kiasi cha kumgusa, akauimba. Agum, mimi sijui Kidinka, lakini sikuhitaji Alier. Sauti ilikuwa kubwa, wanawake walioko jikoni wakatoka na mikono yenye unga, na alipofika mwisho, pale pa *nijibu*, akapiga kijiti chini na kumkazia macho. Ile miaka yote kwenye tukul alikuwa anangojea amkalishe Makur mbele ya watu. Hakuwa anaogopa, mimi na wewe ndio tuliokuwa tunaogopa. Kitabu kwake kilikuwa njia tu ya kumleta Makur pale.

Mzee Lino akamgeukia Makur na kumwambia, "Umeimbwa. Jibu." Niliona jasho kwenye shingo ya Mheshimiwa. Aliangalia watu, akaangalia chini, na kwa muda nilidhani ataongea. Alier anasema alishafungua mdomo. Kisha akaingiza mkono mfukoni akatoa karatasi yako.

Alimpa mpwa wake aisome kwa Kidinka. Iliposomwa ile sehemu ya Malith watu waliguna, halafu mmoja nyuma akacheka, na wengine wakamfuata. Mama yako akaomba isomwe tena. Ikasomwa tena. Ndipo akanitafuta kwa macho katikati ya watu, akaniuliza kwa Kiswahili, mbele ya wote, "Hii Agum ameandika na mkono yake?"

Walikuwa wameniita nithibitishe sahihi. Nilisema, "Ndiyo, mama."

Akasema, "Basi." Akaketi chini, pale pale kwenye vumbi. Mzee Lino akatangaza kwamba wimbo usio na mwenyewe haujibiwi. Makur akasema kwa ukarimu kwamba mama anaweza kubaki, ni mzee, amechanganywa na mtoto. Ua mzima ulimsifu kwa moyo wake mzuri.

Hakubaki. Alikusanya vitu vyake jioni ileile akaenda kwa binamu yake mtaa wa Sherikat, karibu na daraja. Nilimfuata nikamweleza yote, kwamba ulifanya kwa ajili ya paa lake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia nikuandikie, na nimeandika kama alivyosema:

"Makur aliacha Malith ng'ambo, akakufa. Ni mbaya. Lakini Makur hata siku moja hakusema Malith hakuzaliwa. Hiyo umesema wewe."

Chepkoech


Arror, 9 Aprili 2010

Chep,

Liondoe lile tamko. Leo, sasa hivi, liondoe. Weka jingine, nimeliambatisha, linasema la kwanza ni uongo, linasema wimbo ni wa Awut na Malith alizaliwa, alikuwa na kovu kwenye goti, alipenda kunyonya pindo la shuka. Nitaweka sahihi mara mia wakitaka. Kampe mzee Lino, aite kikao tena, nitasimama mwenyewe mbele yao.

Kwa nini hakuniambia? Kwa nini alisema "nangoja" na kunyamaza? Na mimi, mtu aliyezunguka kambi nzima na redio akiandika nyimbo za watu, mtu aliyekueleza wewe kwa mkono wake kwamba anayeimbwa lazima ajibu. Niliandika, Chep. Niliijua desturi hiyo kama mtu anavyojua jibu la mtihani.

Shule ikifunga Agosti nakuja. Mwambie mama nakuja. Mwambie namwomba anisamehe, na kama hataki kunisamehe, anipige.

Agum


Juba, 18 Julai 2010

Agum,

Umeniandikia mara nyingi nami nimenyamaza kwa sababu kila nilichokuwa nacho kilikuwa kibaya. Kisichofaa kunyamaziwa ni kwamba unajiandaa kuja, kwa hiyo nakuandikia kabla hujakata tiketi.

Tamko la kwanza tuliliondoa siku barua yako ilipofika, tukaweka la pili. Haikusaidia. Watu wa Makur walishachapa kitabu kizima, tamko lako likiwa ukurasa wa mbele, wakakigawa Yirol bure, na jina lako na letu yametajwa kama inavyotakiwa. Hawakuvunja chochote. Yule mtu wa Marekani pia alichukua nakala ileile, ndiyo wanayosoma kanisani kwao. Mzee Lino nilimpelekea karatasi ya pili. Aliipokea kwa heshima, akasema mtu mwenye matamko mawili ni sawa na asiye na tamko, na kwamba wimbo ukishakanwa mbele ya watu umekwisha, haurudishwi na karatasi. Makur alishinda, hilo umelisikia. Mzee Arkangelo ameacha kuzungumzia kitabu cha pili.

Mama yako hayupo Juba. Mei alipanda lori kurudi Yirol, kwa watu wa upande wa mama yake. Ujumbe wako nilimpa kabla hajaondoka, wote, pamoja na lile la kupigwa. Alisema hana hasira na wewe. Aliongea kwa upole, akaniuliza kama una afya na kama wanafunzi wanakusikia. Nilitamani angekasirika.

Wiki iliyopita Alier alitoka huko, alikwenda harusi ya binamu yake. Mama Awut alikuwepo. Usiku wanawake wakawa wanaimba kwa zamu, kila mmoja wimbo wake, na walipomfikia wakamwomba aimbe ule wa mto, maana wale waliokuwa Kakuma wanaujua na bado wanaupenda. Akawaambia kwa adabu kabisa kwamba yeye hana wimbo wowote. Akasema ule wanaoutaka ni wa mwalimu mmoja aliye Kenya, wamngoje huyo, akija atawaimbia.

Chepkoech